Bolti ya Saba

Siku ya Jumatano, tarehe 9 Oktoba 1991, saa tatu na dakika kumi asubuhi, uani mwa gereji walikuwamo watu wanane: mwenye gereji, mafundi watano, mama mpika chai na dereva wa basi. Basi lenyewe liliingia likisukumwa na sita kati ya hao, dereva akisukuma kwa bega huku mkono mmoja umeshika usukani kupitia mlangoni. Wawili ambao hawakusukuma walikuwa na sababu zao. Mwenye gereji alisimama kwenye kizingiti cha ofisi, mikono kiunoni, akikumbuka ni mara ya ngapi basi hili linarudi. Fundi mkuu alikuwa amechuchumaa langoni, akiyatazama matone ya maji yenye rangi ya kutu yaliyojipanga kutoka barabarani hadi ndani, moja baada ya jingine, kama vifungo vya shati.

"Ni palepale," alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

"Palepale!" dereva alidakia. Dereva huyu aliitwa Honi, kwa kuwa hakuwahi kujifunza kusema kwa sauti ya chini. "Mzee, nimefika nusu ya mlima tu, mvuke huo! Abiria wanashuka mbio wakidhani tunaungua. Mama mmoja kaniuliza kama siku hizi nimefungua duka la kupigia nguo pasi."

"Umeongeza maji mara ngapi?"

"Madumu manne. Injini hii inakunywa kunishinda mimi."

Mama mpika chai, ambaye bado alikuwa akihema kwa kusukuma, alisema kwamba hilo haliwezekani, na watu wakacheka. Fundi mkuu hakucheka. Alitoa mfukoni rula yake ya chuma, akapima umbali kati ya tone na tone, akairudisha rula mahali pake.

Rula hiyo ndiyo iliyompatia jina. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, na kwa miaka thelathini na mmoja mfululizo hakuonekana kazini bila rula ya sentimita kumi na tano katika mfuko wa kushoto wa ovaroli yake. Wote walimwita Milimita, hata mkewe alipokuwa na furaha naye. Mkewe alipenda kusimulia kwamba siku ya kwanza alipokuja kwao kujitambulisha, alifika dakika kumi na moja kabla ya saa waliyopatana, akasimama nje ya lango dakika kumi na moja nzima chini ya mvua, ndipo akabisha hodi. "Baba yangu alimtazama kwa dirishani muda wote," mkewe alikuwa akimalizia, "akasema, huyu ama ni mwizi mjinga ama ni mkwe mzuri."

Ubovu wa basi ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuumaliza. Juu ya bloki ya injini, palipo na mashimo manne ya pistoni, hukaa kichwa cha chuma ambacho mafundi hukiita silinda hedi. Kati ya kichwa na bloki hulazwa gasketi, bamba jembamba kuliko ukucha, lenye kazi ya kuzuia moto, oili na maji visikutane wala visitoke nje. Bamba hilo likibanwa sawasawa, injini hunywa maji yake kimya. Likilegea hata mahali pamoja, maji hupenya, injini huchemka, na dereva wa aina ya Honi hupiga kelele. Mwezi wa Julai Milimita alibadilisha gasketi ya basi hili. Mwezi wa Agosti basi likarudi. Akaifungua upya, akapeleka silinda hedi ikasawazishwe kwa mashine, akaweka gasketi nyingine. Sasa ulikuwa mwezi wa Oktoba.

Mwenye gereji alimwita ofisini. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na minane aliyeirithi gereji kwa baba yake, na alimheshimu fundi huyu kiasi kwamba alimpisha kiti, kisha akakosa pa kukaa mwenyewe.

"Mzee," alianza, akiwa ameegemea kabati la mafaili, "wewe unajua ninavyokuthamini."

"Maneno yakianza hivyo, sema tu mwisho wake."

"Mwisho wake ni kwamba mwenye basi amenipigia simu. Anasema macho ya fundi wetu yamezeeka. Mimi sijasema hivyo! Yeye ndiye kasema. Lakini nimemwahidi: mara hii likipanda mlima hadi juu bila kumwaga tone, basi, hakuna neno. Likirudi tena linavuja..." Akatazama sakafu. "Itabidi unikabidhi ile spana ya kipimo. Injini atazifunga binti yako. Wewe utashika stoo. Stoo ina kiti kizuri."

"Nimekiona hicho kiti. Mguu mmoja ni mfupi kwa milimita nane."

"Na utapanda nalo mwenyewe hadi juu, Mzee. Ukaone kwa macho yako."

Kwa hilo la mwisho Milimita aliinuka kwenye kiti. Kituo cha juu kabisa cha basi lile, baada ya mlima wote kwisha, kilikuwa hatua arobaini kutoka mlangoni pa dada yake, na dada yake na yeye walikuwa hawajasemezana tangu mwezi wa Machi.

Spana ya kipimo iliyotajwa ilikuwa ndefu kama mkono wa mtu mzima. Ukiipangia nguvu unayoitaka, ukakaza bolti hadi ikafikia nguvu hiyo, hulia *tak*, nawe huacha. Ililala katika sanduku la mbao lililotandikwa kitambaa cha sufu, na juu ya kifuniko jina la Milimita lilikuwa limechongwa kwa ncha ya msumari. Katika gereji nzima hakuna mwingine aliyeitumia. Kumnyang'anya hiyo kungekuwa kumwambia kwamba kazi yake imekwisha, na yeye alilijua hilo, na mwenye gereji alijua kwamba analijua.

Yapo mambo mawili ambayo lazima yaelezwe hapa, kwa maana bila hayo yaliyofuata hayaeleweki.

La kwanza ni namna Milimita alivyokaza bolti. Silinda hedi ya injini ile hushikwa na bolti kumi, nazo hazikazwi ovyo: huanzwa za katikati, kisha huendwa kwa zamu huku na huku hadi pembeni, mizunguko mitatu, kila mzunguko kwa nguvu zaidi. Alipokuwa mwanagenzi alishindwa kabisa kukariri mpangilio huo kwa nambari. Mwalimu wake, mzee mmoja mwenye kidole kimoja pungufu, alimfukuza kazini mara mbili kwa siku moja. Usiku ule kijana alikata kipande cha boksi, akatoboa matundu kumi kama yalivyo kwenye injini, na kila tundu akalipa mtu wa nyumbani kwao. La kwanza Mama, kwa sababu yuko katikati ya kila kitu. La pili Baba, anayemwelekea. Kisha babu, bibi, shangazi, kaka, na la saba dada. La nane mjomba, la tisa na la kumi binamu wawili mapacha ambao hata hivyo walikuwa hawaachani. Asubuhi akaifunga injini akinong'ona majina, wala hakukosea. Tangu siku ile alifunga kila injini hivyo hivyo, akiita kila mtu kwa sauti ndogo na kumkaza. Baadaye mke alichukua nafasi ya babu na binti akachukua ya bibi, kwa kuwa wazee hao, alisema, wamepumzika. Mama na Baba nao walikuwa wamefariki, lakini hao aliwaacha katikati. Hakuona wa kuwaweka mahali pao.

La pili ni kabati. Mwezi wa Machi, dada yake, mshonaji aliyeishi huko juu, alitimiza miaka thelathini ya kushona, na Milimita akamtengenezea kwa seremala kabati kubwa la kuwekea majora ya vitambaa. Alipima mlango wa dada mwenyewe, kwa tepu. Kabati lilipofika, halikuingia. Lilikwama kwa sentimita mbili kamili, likabaki barazani. Wiki mbili baadaye, nyumbani kwa kaka yao, wakati wa chakula cha mchana, mbele ya wakwe, dada aliisimulia habari hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho, akiigiza jinsi mdogo wake alivyosukuma kwa tumbo, na akamalizia: "Msimwite Milimita tena. Huyu ni Sentimita Mbili!" Watu walicheka hadi mkwe mmoja akapaliwa na maji. Milimita aliinuka, akakunja kitambaa chake cha mikono katika mikunjo minne, akaondoka. Alikuwa hajamtaja dada yake tangu hapo.

Basi, binti yake ndiye aliyeifungua injini siku ile ya Jumatano. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na miaka tisa kati ya hiyo aliitumia katika gereji hii hii. Mikono yake ilikuwa na makovu yale yale ya baba yake, ila madogo. Milimita alikaa kwenye debe lililopinduliwa, akimtazama. Bolti hulegezwa kwa kinyume cha jinsi zinavyokazwa, kuanzia pembeni. Ya kumi ililia kama mlango wa ghala. Ya tisa ikalia. Ya nane ikalia.

Ya saba ilizunguka kama kifuniko cha chupa.

Binti aliacha spana. Alizitoa zote kumi, akazichomeka moja moja kwenye kile kipande cha boksi chenye matundu kumi, kilichokuwa kimebadilishwa mara nyingi lakini bado kikiandikwa herufi zile zile kwa penseli, kisha akaiinua silinda hedi kwa msaada wa fundi mwenzake. Alama ya kutu ilikuwa hapo, katika pembe ya nyuma, upande wa dereva: mchirizi mwembamba ulioanzia tundu la maji ukaishia nje, ukipita chini ya bolti ya saba.

"Baba," alisema, akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Bolti hii imechoka?"

Milimita aliipima kwa vernia, kile kifaa cha kupimia vitu vidogo, urefu, unene, nafasi ya nyuzi zake, akailinganisha na ya nane. "Haijachoka. Iko sawasawa kabisa."

"Basi haikukazwa."

"Mimi nimekaza bolti zote."

"Agosti nilikuwa chini ya lori, pale," binti alionyesha kwa kidole. "Nilikusikia unaita. Mama, Baba, mke wangu, binti yangu, nikatabasamu, shangazi, kaka... halafu kimya. Halafu mjomba. Mzunguko wa pili, kimya. Wa tatu, kimya. Nikadhani umeita kimoyomoyo."

Milimita aliigeuza bolti mkononi. Kwa miaka thelathini na mmoja mikono yake ilikuwa imefuata mdomo wake kama mkokoteni unavyomfuata punda. Mdomo ulipomruka mtu, mikono nayo ilimruka. Ilimkaza kwa vidole tu siku ya kupachika, ikapita.

"Na injini nyingine?" aliuliza ghafla, uso umembadilika. "Tangu Machi nimefunga nyingine!"

"Nimeshafikiri. Ni moja tu, ya ile pampu ya maji ya shule. Silinda mbili, bolti sita."

"Sita," baba yake alirudia, akashusha pumzi. "Haimfikii dada."

Mama mpika chai, aliyekuwa ameleta vikombe na kuyasikia yote, alisema, "Kwa hiyo abiria wote wale wameteremshwa mlimani kwa ajili ya kabati?" Milimita alimwomba sukari, ingawa kikombe kilikuwa nayo.

Alhamisi asubuhi gasketi mpya ilifika. Binti alisema kwa upole kwamba dawa ni nyepesi, baba ahesabu kwa nambari tu kama watu wote duniani. Milimita alikubali ajaribu kwanza kwenye boksi. Moja, mbili, tatu, nne. Kwenye tano kidole chake kilikwenda kwa mjomba. Alianza upya. Mara hii alimkaza binamu mmoja mara mbili na mwenzake hata mara moja.

"Mapacha watagombana," binti alisema.

"Nambari hazina sura! Nitazikumbukaje?"

"Basi mwite shangazi yangu. Mwite tu. Hayupo hapa, hatasikia."

"Simwiti mtu nisiyesemezana naye. Huo ni uongo, na injini haifungwi kwa uongo."

"Baba, baba yako alifariki miaka kumi na miwili iliyopita, na unamkaza kila siku."

"Babu yako hajanikosea."

Binti aliketi kwenye debe. Hakumhimiza tena. Aliutazama mlango wa stoo ulioachwa wazi, ndani yake kile kiti chenye mguu mfupi, na baba yake akayafuata macho yake, akakiona. Kisha Milimita alisimama, akafungua sanduku la mbao, akatoa spana.

Nyuso mbili za chuma zilisafishwa hadi zikang'aa. Rula ilipitishwa juu yake kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Gasketi ililazwa, silinda hedi ikashushwa juu yake polepole, bolti zikapakwa oili na kuzungushwa kwa mkono. Mafundi wengine watatu, waliojidai wana kazi karibu, waliacha kugonga.

Mzunguko wa kwanza. "Mama," alinong'ona. *Tak.* "Baba." *Tak.* "Mke wangu. Binti yangu. Shangazi. Kaka." Mkono ulisimama hewani. "Yule wa kule juu." *Tak.*

"Hilo si jina," binti alisema.

Mzunguko wa pili. "Mshonaji." *Tak.*

"Washonaji wako wengi, baba."

Mzunguko wa tatu alianza kwa kuikaza shingo. Aliita Mama, aliita Baba, na kadhalika kwa utaratibu, na alipofika pembe ya nyuma alijifuta jasho kwa kiwiko. "Dada," alisema, kwa sauti ambayo mwenye gereji aliisikia kutoka ofisini. Spana iliendelea kuzunguka kitambo kidogo, kama inayofikiri. *Tak.*

"Mjomba!" wakasema mafundi wote watatu kwa pamoja, kumsaidia, naye akawakemea warudi kwenye kazi zao.

Siku ya Ijumaa, tarehe 11 Oktoba, saa mbili na nusu asubuhi, basi lilitoka. Lilipaswa kwenda tupu, lakini lilikuwa na abiria kumi na wanne.

"Nimewaambia ni majaribio," Honi alijitetea. "Wamesema na wao wanajaribu."

Katika mabasi ya aina ile injini hukaa ndani, kando ya dereva, chini ya kifuniko cha bati. Milimita alikiondoa kifuniko, akachukua chaki, akaipaka kwenye mshono wote kati ya kichwa na bloki, hasa ile pembe ya nyuma. Chaki ikilowa hubadilika rangi papo hapo. Haina adabu ya kuficha. Kisha alikaa kwenye kigoda, sanduku la spana miguuni, binti yake nyuma yake, macho hayabanduki kwenye mstari mweupe.

Kilomita tisa za kwanza zilikuwa tambarare, na Honi alizitumia kueleza basi zima hali ya ndoa yake. Mlima ulipoanza alinyamaza, jambo lililowatia abiria hofu kuliko mvuke wowote. Gia ya tatu, gia ya pili. Injini ilinguruma. Mshale wa joto ulipanda, ukafika nusu, ukapita nusu kidogo. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Kona ya tatu, penye jiwe kubwa jeupe, ndipo basi lilipokuwa likichemka kila mara, na abiria waliokuwa wazoefu walikwishashika mizigo yao tayari kushuka.

"Mzee, vipi?" Honi aliuliza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alinong'ona.

Milimita alikuwa ameinama hadi pua karibu iguse chuma. Chaki ilikuwa nyeupe. Jiwe lilipita dirishani. Kona ya nne ikapita. Chaki ilikuwa nyeupe vilevile.

"Kavu," alisema.

Abiria walipiga makofi. Mmoja aliyekuwa ameshuka mlimani mara zote mbili alisimama akamshika Milimita mkono na kuutikisa kana kwamba amepewa cheo. Binti alicheka kwa sauti. Milimita mwenyewe alitabasamu kwa muda mfupi sana, kisha tabasamu likamtoka, akaanza kunyoosha kola ya shati.

"Zimebaki kilomita ngapi?" aliuliza.

"Nne."

"Huwezi kwenda polepole kidogo?"

"Baba," binti alisema, "umefanya kazi siku mbili ili lisisimame njiani."

Kituo cha juu kilikuwa uwanja mdogo wa changarawe. Abiria wote kumi na wanne walishuka. Injini iliyofungwa upya lazima iachwe ipoe baada ya safari yake ya kwanza, kisha bolti zikazwe tena, na kupoa huko huchukua saa mbili. Kwa hiyo Milimita alikuwa na saa mbili na hatua arobaini, na hakuwa na udhuru. Alizitembea hatua hizo, binti nyuma yake, na alizihesabu: thelathini na nane.

Dada alikuwa barazani, mbele ya cherehani yake, pini tatu mdomoni. Kabati lilikuwa nyuma yake, limefunikwa turubai. Alimwona mdogo wake, akamaliza mshono hadi mwisho, akatoa pini moja moja.

"Karibu, mgeni. Unatafuta nani?"

"Dada, ni mimi."

"Mimi? Mimi nina mdogo wangu mmoja, fundi mashuhuri, lakini huyo hajui njia ya huku. Nilisikia amepotea tangu Machi." Akamgeukia binti, uso wote ukafunguka. "Wewe nakujua! Njoo hapa, mwanangu. Huyu mzee uliyemwokota, umempatia wapi?"

"Kaja na basi, shangazi."

"Basi limefika? Leo?" Alisimama, akatazama kituoni. "Limefika lenyewe?"

"Nimelitengeneza," alisema Milimita. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutimiza hesabu, aliongeza, "Na ni mimi niliyeliharibu." Alitoa tepu mfukoni. "Naomba kuupima mlango wako."

Aliupima kutoka mwimo hadi mwimo. Sentimita sabini na saba. Akapima kabati: sabini na tano. Alisimama wima. Kwa sekunde chache alionekana kama mtu aliyeshinda kesi.

"Sabini na saba! Nilipima sawa!"

Dada alinyoosha mkono, akaufungua mlango. Ulifunguka hadi ukagonga ukuta wa ndani na kusimama hapo, umejitokeza katikati ya nafasi kwa unene wake wote. Milimita aliutazama ubao huo. Aliweka rula juu ya unene wake. Sentimita nne. Alitoa nne kwenye sabini na saba, kimya, ingawa midomo ilicheza.

"Nilisahau mlango," alisema hatimaye. "Nilipima tundu, nikausahau mlango wenyewe."

"Najua."

"Unajua?"

"Seremala aliniambia wiki ile ile. Akasema, mama, ung'oe mlango tu, bawaba mbili, skrubu sita, kabati litapita. Nikamwambia acha. Aliyelileta ndiye atakayeliingiza." Macho yake yalianza kumeta. "Sikujua kama angechukua miezi saba. Kuku wa jirani wametaga humo mara mbili."

Binti alikwenda kwenye basi kuchukua bisibisi. Skrubu sita zilitoka. Honi aliitwa, na pamoja na mmoja wa abiria aliyekuwa amebaki kuangalia, walikuwa watu wanne waliolibeba kabati. Lilipita na nafasi ya sentimita moja kila upande, Milimita akitaja umbali huo kwa sauti hatua kwa hatua, na Honi akimwomba asiwe anatia chumvi kwenye jeraha la mgongo wake. Lilipokaa mahali pake, dada alilipapasa mlango, akafungua, akatoa unyoya mmoja wa kuku, akauweka katika mfuko wa ovaroli ya mdogo wake, kando ya rula.

Saa mbili zilipotimia walirudi kwenye basi. Dada alikuja nao, akasimama kwenye ngazi ya mlango, mikono nyuma. Milimita alifungua sanduku. Chaki ilikuwa bado nyeupe. Akaanza, kwa sauti yake ndogo, kama alivyofanya miaka yote.

"Mama." *Tak.* "Baba." *Tak.*

Dada aliacha kutafuta pa kuegemea. "Hivi unafanya nini?"

"Mke wangu. Binti yangu. Shangazi. Kaka." Aliinama kwenye pembe ya nyuma. "Dada." *Tak.*

Dada alitoa mikono mgongoni: "Ngoja kwanza. Mimi ndiye mkubwa wako. Mimi nimekubeba mgongoni. Umeniweka wa saba? Baada ya kaka, anayekoroma vile?"

"Mpangilio unaanzia katikati, dada. Unaishia pembeni."

"Kwa hiyo mimi niko pembeni?"

"Pembeni, nyuma."

"Nyuma!"

"Ndipo maji yanapotokea mtu akikusahau."

Dada aliitazama bolti ile kwa muda mrefu. Aliingia ndani ya basi, akajikunja kando ya injini ili aione vizuri, akaigusa kwa ncha ya kidole. Ilikuwa bado na joto kidogo.

"Haya," alisema. "Wapo mjomba na wale mapacha. Usiwacheleweshe."

Saa nane na dakika tano mchana Honi alipiga honi mara tatu. Milimita hakupanda. Alisema mlango ule una bawaba zilizolegea, na kwamba angeurudisha sawasawa, kazi ambayo isingekwisha kabla ya kesho. Hakuna aliyemuuliza bawaba mbili huchukua siku ngapi. Sanduku la spana alimpa binti yake alipakate hadi gereji.

"Nimwambie nini bosi?" binti aliuliza kwa dirishani.

"Mwambie kiti cha stoo kikatwe miguu mingine mitatu, milimita nane kila mmoja. Atampa mtu mwingine."

Basi liliteremka na dereva mmoja, fundi mmoja na abiria kumi na mmoja. Nyuma yake, kwenye changarawe, hapakuwa na tone. Waliobaki juu ni wawili: dada na mdogo wake. Kabati lilikuwa ndani. Mlango ulikuwa nje.